Sikio Pembeni mwa Kioo

Siku hizi ukifika kliniki ya macho huambiwi karibu. Unakutana na kioo. Kimesimama mlangoni, kirefu, kinang'aa kuliko madhabahu ya Pasaka, na ni sharti ukiguse mahali panapotakiwa ndipo kikutemee karatasi ya foleni. Sasa jamani, hii ni kliniki ya macho. Wote tuliopanga mstari pale tulikuwa watu wa kuona ukungu, na cha kwanza tulichopewa ni maandishi ya kusoma. Mimi mwenyewe mtoto wa jicho amenikalia macho yote mawili, kama mgeni aliyekuja kunywa chai akabaki mpaka Krismasi. Nilicheka kwa sauti hadi mama aliyekuwa nyuma yangu akasogea kidogo. "Mzee, bonyeza," akasema askari wa mlangoni. "Nibonyeze wapi, kijana wangu?" "Hapo pa kijani." "Rangi ya kijani ilinihama mwaka jana." Foleni ikacheka, askari naye akacheka, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Basi sema unaumwa nini, nikubonyezee." Nikasema. Nilitaja macho, nikataja presha, nikataja na ule mkojo wa mara kwa mara, na watu wote wakapokea habari zangu kabla ya daktari. Lakini kabla askari hajaninyang'anya zamu, kidole changu kilikuwa kimeshaanza kutembea chenyewe kwenye ukingo wa kile kioo, polepole, kikishuka upande wa kushoto, kikitafuta sikio. Hakukuwa na sikio. Ukingo ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho, hauna habari na mtu.

Kidole hakikuwa kimepata taarifa kwamba Nafula amefariki. Mimi nilikuwa nimepata. Wambui, ambaye nitamfikia mbele, alinipigia simu wiki hiyohiyo akaniambia wamemzika kwao Bungoma, mvua ikinyesha, na kwamba kwaya iliimba vizuri. Nilimwuliza nani alisoma wasifu wake. Akasema mpwa wake. Nikamwuliza kama alisoma polepole. Wambui akasema, "Mutinda, pole sana." Nikaweka simu chini nikakaa hapa sebuleni kwangu Komarock, nyumba kimya hadi nasikia friji ikifikiri, nikaona afadhali niuandike ule mwaka mmoja niliokaa naye jirani. Ukoo wangu nauruka. Ni watu wengi, na kila mmoja angetaka aanzwe yeye.

Ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimepanga chumba ghorofani Huruma, Nairobi. Mwenye nyumba alichukua chumba kimoja, akakikata katikati kwa mbao nyembamba, akapata viwili. Changu kilikuwa kidogo hivi kwamba nikitaka kugeuka kitandani ilinibidi kwanza nitoke kwenye korido, nigeukie huko, kisha nirudi nilale. Mchana nilichonga vinyago katika karakana iliyokuwa nyuma ya ukumbi wa jamii, upande wa kuelekea Mathare, pamoja na Wakamba wenzangu ambao waliongea na mbao zaidi ya walivyoongea na watu. Jioni nilivuka ukuta nikaingia ukumbini humohumo, darasa la watu wazima, nikasoma sekondari niliyoikosa ujanani. Tulikuwa makarani, madereva na mabawabu, tumejikunja kwenye madawati ya watoto, tukiimba usanisinuru kwa pamoja kama pambio. Huruma ina watu wengi hivi kwamba kijiko kikikuponyoka kinadakwa na jirani kabla hakijafika sakafuni, na bado niliweza kumaliza Jumapili nzima bila mtu kutaja jina langu. Nilipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, sufuria nzima, nikala, nikaosha sufuria, nikakaa nikiitazama. Watu walinipenda kwa sababu ya vichekesho, walicheka, wakaenda kwao.

Sasa ile mbao ya katikati. Kila asubuhi, nikiwa nachemsha chai ya rangi, nilisikia upande wa pili mwanamke akisema kwa sauti nzuri mno, sauti iliyopigwa pasi: "Habari ya asubuhi. Nikuunganishe na nani?" Kimya. Kisha tena: "Habari ya asubuhi. Nikuunganishe na nani?" Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakukuwa na mtu. Nilidhani ni redio, halafu nikadhani ni maombi ya dhehebu jipya. Majirani ndio walionieleza kwenye foleni ya maji: huyo ni Nafula, wanamwita Opereta, kipofu, alikuwa akipokea simu katika ofisi moja mjini mpaka ofisi ikanunua mitambo ya kujipokelea simu yenyewe. Kazi ilikwisha, mazoezi hakuyaacha. Jumapili moja, sufuria imeshaoshwa, ile sauti ikauliza tena, "Nikuunganishe na nani?" na mimi, sijui ni shetani gani aliyenisukuma, nikajibu kupitia ile mbao: "Na yeyote aliye karibu." Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya ofisini, "Subiri kidogo." Nikasikia kiti kikisogea, fimbo ikigonga sakafu, na mlango wangu ukabishwa.

Tangu siku hiyo nilimsomea. Nikitoka darasani nilipita kwake, yeye akikaanga dagaa wa omena, mimi nikiwa na kile nilichotumwa kukisoma: bahasha ya dawa, tangazo lililopenyezwa chini ya mlango, gazeti lililofungia nyama. Gazeti lenyewe lilikuwa na damu na lilikuwa la mwezi uliopita, lakini mimi nililisoma kama taarifa ya saa moja. Palipokatwa nilimalizia mwenyewe. "Na hapo," nikasema, "waziri akaanguka kwenye mtaro, akatoka na chura mfukoni." "Mutinda, huyo chura umemtia wewe." "Ameandikwa, dada." "Ameandikwa wapi? Karatasi haijageuzwa." Alisikia mpaka karatasi isipogeuzwa. Alikuwa amenizidi miaka kadhaa, nami nilimwita dada, yeye akaniita mtoto wa Ukambani na kuniuliza kwa nini kabila zima linakaa chini kukoboa mahindi yasiyo na kosa. Nikamwambia nyinyi watu wa Bungoma nanyi mkimwona kuku mnasimamisha ibada. Tulicheka hadi aliyekuwa chini akagonga dari kwa mwiko. Nikirudi upande wangu wa mbao, omena mkononi katika kibakuli kilichofunikwa, nilijisikia mtu mwenye kwao.

Lakini Nafula hakuwa na muda wa kuchekacheka tu. Kaka yake alikuwa amemwambia kwamba mwaka ukiisha bila kazi, atakuja kumchukua akakae jikoni kwa shemeji. "Si jiko baya," aliniambia. "Ila nitaketi kwenye kigoda, niambiwe sogea, nisogee, mpaka nife." Alitaka kazi ya simu, mahali popote, na mlango wake mwenyewe wa kufunga.

Ndipo kioo kilipoletwa. Wafadhili fulani walikuwa wameamua kwamba watu wa Huruma na Mathare wapate habari: zahanati hufunguliwa lini, maji yatakatwa wapi, nafasi za kazi ziko wapi. Vilikuwa vitu vya kubandika ukutani kwa gundi, lakini wao wakaleta kioo cha kugusa. Kisikudanganye hiki chembamba cha leo. Kile kilikuwa televisheni nene yenye kompyuta tumboni, na kilibebwa na wanaume wengi hivi kwamba wazee walivua kofia wakidhani ni jeneza la chifu. Aliyekisimamia alikuwa Wambui, msichana aliyetoka chuo kikuu kusomea kompyuta, jinzi na viatu vya raba, ana subira ya mtakatifu. Alikuja karakana akataka kabati la kukiweka, na fundi mkuu akanielekezea kidole, maana ni mimi peke yangu niliyekuwa na kiherehere.

Sasa mjue desturi yetu. Miaka hiyo kila nyumba ya huku kwetu Eastlands iliyojiheshimu iliweka televisheni ndani ya kabati la mbao lenye milango na kufuli, juu, watoto wasifike, na ikizimwa ilivikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono. Kitu cha thamani hakikuwekwa chini. Mimi nikakipa kioo heshima zote nilizozijua. Nilikipandisha juu kama mimbari. Niliweka milango, kufuli, na ngazi mbili za kupandia, na pembeni nikachonga twiga wanaobusiana. Akina mama wa kanisa wakakishonea kitambaa cheupe chenye maua. Siku ya kukifungua, Omosh, fundi wa viatu aliyepooza miguu na aliyetembelea kiti cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono, alisimamisha kiti chini ya ile kazi yangu, akainua uso, akatazama muda mrefu. "Niaje, Mutinda," akasema. "Hii umewajengea hao twiga?" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, nikihisi masikio yakiwaka.

Kisha Nafula akapanda ngazi zangu. Nilimwelekeza mkono, akaweka kiganja kizima juu ya kioo, na mashine ikapagawa: zahanati, maji, mazishi, kazi, zahanati, yote yakapita kwa mkupuo. Akaondoa kiganja. "Hamna kitu hapa," akasema kwa mshangao. "Ni dirisha tu." Wambui akaeleza kwamba kuna vitufe, vimechorwa. "Vimechorwa," Nafula akarudia, kwa adabu kubwa. Akaniomba nimsomee nafasi za kazi. Nikasoma kwa sauti yangu ya taarifa ya saa moja, na moja ilikuwa ya opereta wa simu, kiwandani. Kabla sijamaliza, mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Opereta, hapo wanataka mtu wa kuona mlango!" Mwingine akasema, "Mwacheni, ataingilia dirishani!" Nafula alitabasamu, akashuka ngazi akizipapasa kwa fimbo, akaenda nyumbani. Asubuhi iliyofuata niliweka chai motoni nikangoja. Upande wa pili wa mbao hapakuwa na habari ya asubuhi.

Nilibisha jioni. Alinifungulia, akanipa kiti, hakupika. "Unasoma vizuri," akaniambia. "Shida si wewe. Shida ni kwamba tangu nizaliwe hakuna jambo langu nililolijua kwanza. Daktari humwambia aliyenisindikiza. Mwenye nyumba humwambia jirani. Hata kufutwa kazi nilisikia wakinong'onezana kabla sijaitwa. Ningependa mara moja tu, Mutinda. Kitu changu nikijue mimi, nikae nacho peke yangu, halafu nichague mtu wa kumwambia." Nilimwambia nitazungumza na Wambui. Nilipofika upande wangu nilikaa kitandani nikafanya hesabu ambayo haikuhitaji mwalimu wa jioni. Akiweza kujisomea mwenyewe pale ukumbini, kinachofuata atajisomea kila kitu, na mimi nitarudi kwenye sufuria yangu. Niliitazama hiyo hesabu kila upande. Haikubadilika. Kesho yake nikachukua msumeno nikaenda kukata miguu ya kabati.

Wambui alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ngazi zangu, kalamu mdomoni. Hakuwa na la kujitetea wala mimi sikuwa nalo. Yeye aliuhamisha mstari wa vitufe kutoka katikati ya kioo akavipanga ukingoni, upande wa kushoto, kisha akakifundisha kioo kutamka: ukigusa mara moja kinataja kitu, ukigusa tena kinakifungua. Kazi yangu ikawa kuchonga fremu ya mbao ya muhugu ya kuzunguka kioo, yenye alama mbele ya kila kitufe, kidole kijue kimefika wapi. Kwetu karakana kinyago hakihesabiwi kimekwisha mpaka fundi mkuu akipapase huku akiongea na mtu mwingine, na kidole chake kikikwama, unarudi msasani. Kwa hiyo nilijiona nimefika. Nilichonga swala, pofu, kulungu, paa na kongoni, kila mmoja na pembe zake, kazi ambayo watalii wangeililia. Nikampelekea Nafula. Akapitisha kidole juu hadi chini, akarudi juu, akapitisha tena. "Hawa wote ni mbuzi," akasema. Nilimweleza tofauti za pembe. "Mutinda, mimi nina haraka, nataka kazi. Unataka nihesabu mbuzi?"

Basi tukafungua kabati lake la vyombo, nikachonga alichoniwekea mkononi. Kijiko kwa zahanati. Kata kwa maji. Ufunguo kwa kazi, na ufunguo alisisitiza uwe juu kabisa. Wambui akasema ni lazima pawe na kitufe cha kuita binadamu, maana mashine huzimika na mtu akakwama. Nafula akasema hicho kiwe sikio. Nililichonga nimefumba macho, mkono mmoja umeshika patasi, mwingine umeshika sikio langu mwenyewe, na wenzangu wakauliza kama nimeanza kujiadhibu. Waya wa hilo sikio ulihitaji mahali pa kwenda, kwa kuwa mlinzi wa ukumbi hakukaa kitini, na kabla mtu mwingine hajasema neno nikasema uletwe karakana, juu ya meza yangu. Nikanunua kengele ya shaba. Nilijivika kengele kama ng'ombe, na nilifurahi.

Omosh alijaribu kabati jipya, akagonga magoti, nikachimba mbao chini, akagonga tena, nikachimba tena, mpaka akaingia na kiti chake chote akasema, "Sasa hapa hata nitalala." Sauti ya mashine ilikuwa ya nani tena? Tulitundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha Nafula, Wambui akashika kinasa sauti, na Nafula akavaa kanzu ya kanisani kana kwamba wasikilizaji wangemwona. "Ufunguo. Nafasi za kazi." "Kijiko. Zahanati." Kwenye kata, muuza mayai alipita chini, na mpaka kioo kinakufa ukigusa maji ulisikia kwa mbali, "Mayai boilo!" La mwisho likawa sikio. Wambui alimwambia aseme tu, "Subiri, anakuja mtu." Nafula akakohoa, akanyoosha mgongo, akasema: "Habari. Nikuunganishe na nani?" Hatukurekodi mara ya pili.

Alianza kwenda ukumbini peke yake. Nilimsikia kupitia ukuta wa karakana, sauti yake ikijitaja yenyewe, ufunguo, nafasi za kazi, kisha kimya cha mtu anayesikiliza. Kila siku niliitazama ile kengele, nikiipangusa vumbi la mbao. Ililia kwa ajili ya Omosh, ililia kwa ajili ya bibi mmoja aliyetaka kujua kama kioo kinaweza kumtafutia mbuzi aliyepotea, ililia stima ilipopotea. Nafula hakuibonyeza. Alipofika pale hakukwama. Na jioni nilipopita kwake alinipa omena, akanisimulia yeye, zahanati hivi, maji vile, na mimi nikasikiliza nikiwa sina karatasi ya kugeuza. Bahasha za dawa alianza kuzitofautisha kwa kufunga uzi. Nilijua kwamba mambo ni mazuri. Nilijiambia hivyo kila siku nikirudi upande wangu. Asubuhi ile sauti ilikuwa imerudi mbaoni, imepigwa pasi kuliko zamani, lakini sikuijibu tena, kwa kuwa sasa niliijua kuwa ni mazoezi ya kweli.

Mwaka ulipokaribia kuisha alipata wiki ya kimya. Aliingia na kutoka, alifua kila kitu, mashuka yake yakajaa kamba yote ya ghorofa yetu. Wenzangu darasani waliuliza habari za Opereta nikasema yuko sawa, kwa maana sikujua lolote. Kaka yake, nilidhani. Kaka anakuja. Nilichonga vibaya wiki hiyo, nikavunja masikio ya tembo wawili. Kisha asubuhi moja kengele ikalia juu ya meza yangu, mara moja, fupi. Nilitoka na patasi mkononi, nikidhani ni Omosh, nikamkuta Nafula amesimama mbele ya kioo na sanduku lake, kidole bado kiko kwenye sikio. Kioo kilikuwa kinauliza kwa sauti yake nikuunganishe na nani, naye alikuwa anakingoja kimalize.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika. Nimepata kazi. Hospitali, upande wa kwetu, kwenye simu. Wana nyumba za wafanyakazi. Nimepewa ufunguo." Akavuta pumzi. "Nimejua tangu Jumatatu iliyopita. Wa kwanza kujua ni mimi. Wewe ni wa pili. Kaka yangu bado."

Nilitafuta mzaha. Mimi, ambaye nina mzaha hata wa matangani, nilitafuta kila mfuko wa kichwa nikakosa. Nikasema, "Hongera, dada." Akacheka, akasema huyu si Mutinda, mnibadilishie. Nilimbebea sanduku hadi kituoni, na njiani akaniambia kwamba ile wiki moja ya kujua peke yake ilikuwa tamu kuliko kazi yenyewe. Alipanda basi, akakaa dirishani, akageuza uso upande niliokuwa, si nilipokuwa hasa, pembeni kidogo. Sikusogea kwenda pale alipotazama. Mpaka leo nashangaa kwa nini sikusogea.

Nilihitimu masomo yale ya jioni, na cheti changu kingeweza kufunika ukuta wa Nairobi yote. Upande wa pili wa mbao akaingia kijana mwenye redio. Kioo kikafa baada ya miaka michache, kikachukuliwa, fremu nayo ikaenda sijui wapi. Wambui anasema alipokiona mara ya mwisho sikio lilikuwa limesuguliwa na vidole vya watu hadi limebaki kipara, halina hata tundu.

Jana nilirudi kliniki nikaomba kumwona msimamizi. Ni mama mpole. Nilimweleza habari ya sikio la kubandika ukingoni mwa kioo chao kwa ufupi, yaani kwa muda usiozidi kuchemka kwa maharagwe, naye akasema, "Lete hicho kipande tukione, mzee." Kwa hiyo nina kipande cha muhugu mezani, na mkono mmoja uko sikioni. Patasi inatembea polepole, kwa sababu sasa kufumba macho na kufumbua ni mamoja. Juu ya rafu iko ile kengele. Haijaunganishwa na kitu chochote. Nikipitisha kitambaa kuipangusa inalia kidogo, na kila mara najikuta nimeshasimama.